Sataranji Nyuma ya Pazia

Baba yangu hana unywele hata mmoja kichwani, lakini kila siku ya gulio anapanda baiskeli kutoka Nyamahanga kuja kunyolewa kwangu. Mimi ni kinyozi hapa Biharamulo mjini. Shule niliishia kidato cha pili. Hesabu zilinishinda, na mimi nikazishinda kwa kukimbia. Basi naipitisha mashine juu ya kile kipara, haikutani na kitu, namfuta poda, namwambia mzee umependeza. Halafu anafanya kilichomleta. Anavuta kiti, anapanga kete za sataranji, anauliza nani anataka kulia leo.

Saluni yetu imegawanywa na pazia la maua mekundu. Upande huu nanyoa, upande ule mke wangu anasuka. Baba akiingia, mke wangu anapiga magoti kule kule kwake, anasema shikamoo, baba anaitikia marahaba huku anatazama ukuta, na salamu imeisha. Kwetu baba mkwe na mkwe wake wa kike hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai uso kwa uso. Si ugomvi. Wanapendana sana kwa njia hiyo. Mahindi mabichi ya kwanza ya shambani kwa baba yanaletwa kwa mkwe. Mimi niliyezaliwa pale naambiwa nisubiri yakomae.

Sasa mke wangu sataranji aliijua kwa masikio. Baba akicheza hawezi kunyamaza. Anatangaza kila hatua kama mtu wa redioni: farasi anatoka, askofu anapita kwenye nyumba yake, ngome inahamia kati. Na akimwona mtu kagusa kete halafu anataka kuiacha, ndipo anapaza sauti kabisa, "Kilichoguswa kimeguswa, kisogezwe." Mke wangu kule nyuma mikono iko kwenye nywele za mteja, kichwa kiko kwenye ubao asiouona. Siku moja tumefunga saluni, akaniuliza kwa nini leo mzee amechelewa kumtoa askofu. Nikacheka. Tukapanga kete, akanifunga. Wiki ile nikasema ni bahati. Wiki iliyofuata nikasema kichwa kinaniuma. Baada ya hapo sikusema kitu, nikawa napanga kete tu.

Ndiyo maana mashindano ya wilaya yetu na Ngara yalipotangazwa, nilimwandikisha mimi mwenyewe. Mshindi angepelekwa Bukoba kwenye mashindano ya mkoa, na mke wangu alikuwa hajawahi kupelekwa popote na mtu, mimi nikiwemo.

Mashindano yenyewe yalifadhiliwa na shirika moja la jijini, na shirika lilimtuma dada mmoja kuja kupima ushiriki wa wanawake. Alikuwa mkali kwa upole. Siku ya kwanza asubuhi alitukusanya ukumbini, jirani na boma la Mjerumani, akatuambia kwamba mara iliyopita chama chetu cha sataranji kilimtumia picha nzuri sana, wanawake wamejaa kila meza, ila alipoikuza picha akaona meza tatu wamewapanga wafalme wawili upande mmoja. Watu wakatazama viatu vyao. Akasema safari hii hahesabu anayekaa kwenye kiti. Anahesabu anayemaliza mchezo wake wa mwisho. Asipopata hata mmoja, ataandika kwamba Biharamulo wanawake hawachezi, na saa na mbao za mchezo tulizoahidiwa zitakwenda wilaya nyingine.

Wanawake walianza wengi. Wa Ngara waliondoka siku ya pili kuwahi basi. Mmoja wa Nemba alipigiwa simu na mumewe, anamuuliza chumvi iko wapi, kisha akapigiwa tena, kisha akaondoka. Msichana mmoja alikuwa anaongoza kabisa mchezo wake, shangazi yake akaja mlangoni akasimama tu, hakusema neno, msichana akainuka. Yule dada wa shirika alikuwa anaandika kwenye kishikwambi chake, na kila akiandika uso wake unazidi kurefuka. Mpaka mchezo wa mwisho amebaki mwanamke mmoja. Mke wangu.

Na pointi zake zilikuwa sawa na za mtu mmoja tu ukumbi mzima. Anayeshinda anakwenda Bukoba. Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Majina yaliposomwa nilitaka kucheka, ndivyo nilivyo, hata msibani nacheka kwanza. Kicheko kikagoma. Baba alisimama upande wa dirishani na kofia yake mkononi. Mke wangu alikuwa ameshateremka chini, amepiga magoti nyuma ya mlango, anatazama sakafu. Dada wa shirika, kwa nia njema kabisa, akamwendea, akamshika mkono kumwinua, huku anamwita baba kwa mkono mwingine. Alitaka wapeane mikono apige picha.

Baba akarudi hatua mbili nyuma. Mke wangu akajikunja kama amemwagiwa maji ya moto. Yule dada akamwachia, akamtazama baba, akanitazama mimi, halafu akaanza kuandika.

Nilijaribu kumweleza. Nikasema si kwamba anaonewa, ni heshima. Akaniuliza, taratibu, heshima hiyo inamruhusu kucheza au haimruhusu? Kidato cha pili hatukufika huko.

Mwenyekiti wa chama chetu ana duka la vitambaa sokoni, ukoo wake ulitoka pwani zamani, na ulimi wake haujawahi kupumzika. Akaja kati yetu. "Kinyozi, usitutie aibu," akaniambia. "Mama ajitoe, mzee apate pointi, sote twende tukale. Hutaki baba yako aende Bukoba?"

Wazee wa upande wa baba wakaitikia kwamba ndiyo, adabu kwanza. Vijana wakasema basi mzee ndiye ajitoe. Baba akawa anazungusha kofia yake tu. Baba yangu kunyamaza mbele ya sataranji sijawahi kuona, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akijitoa yeye, wangesema amemwachia mkwe, na ushindi wa mke wangu ungekuwa wa huruma. Akijitoa mke wangu, hesabu ya wanawake ni sifuri, na mimi najua angerudi kusuka na asingeniuliza tena habari za askofu. Dada wa shirika akatangaza kwamba saa ya mchezo itawashwa baada ya dakika chache, asiyekuwepo mezani amepoteza.

Nikamwinamia mke wangu. Hakuinua uso. Akasema, "Baba watoto, kwani pale saluni huwa tunakaaje?"

Nilikimbia. Saluni si mbali, lakini mimi tumbo langu ni la mtu anayekaa. Nililing'oa lile pazia pamoja na msumari wake na kipande cha ukuta. Narudi nahema, watu njiani wananiuliza kuna moto wapi. Tukalifunga katikati ya ukumbi, kamba kutoka dirishani hadi kwenye nguzo. Ubao mmoja huku, ubao mwingine kule, saa tukaiweka kwenye kiti palipoishia pazia, kila mmoja aifikie kwa mkono bila kumwona mwenzake. Mwenyekiti akauliza nani atapeleka hatua za huku kwenda kule. Wote wakanitazama. Kwa kuwa wachezaji kupeana mikono ni sheria, nikampa baba mkono, nikazunguka nikampa mke wangu mkono ule ule. Dada wa shirika akafikiri kidogo, akaniambia nikae pale penye saa, nisitoe hata kikohozi cha kumsaidia mtu. Watazamaji akawatoa wote nje, wakabaki madirishani upande wa mke wangu.

Nimekaa sehemu nyingi za hatari. Nimewahi kumnyoa polisi ndevu kwa wembe huku ananidai faini. Lakini pale, kichwa kimoja huku kwa baba, kichwa hicho hicho kule kwa mke, nilitokwa jasho mpaka kwenye visigino. Baba alicheza kimya. Ananinong'oneza hatua, naisema, mke wangu anaisogeza kwenye ubao wake, anafikiri, ananiambia ya kwake, narudi kwa baba. Mara ya kwanza kete yake ilipomla askari wa baba, baba akaguna kidogo, kama mtu aliyeonja mboga akakuta ina chumvi ya kutosha.

Mpaka ubao ukapungua watu. Baba alikuwa na farasi amesimama mbele ya malkia wake, amemkinga na ngome ya mke wangu. Farasi yule akisogea tu, malkia analiwa. Hata mimi niliona, na mimi nikiona ujue jambo liko wazi. Baba akafikiri muda mrefu. Mkono wake ukashuka, vidole viwili vikakaa juu ya kichwa cha farasi. Vikakaa. Halafu akashtuka, akaona alichotaka kukifanya, akauondoa mkono na kuuweka gotini.

Dada wa shirika alikuwa upande wa pili. Madirishani hakuna aliyeona. Alikuwepo baba, nilikuwepo mimi, na farasi.

Akanitazama. Ni nadra baba kunitazama machoni hivyo. Mara ya mwisho ilikuwa siku nilipomwambia shule basi. Saa inalia tik, tik, dakika ni zake zinazokwenda. Nikisema, nimemuaibisha baba yangu mbele ya wilaya mbili. Nisiposema, nimemwibia mke wangu, na kesho nitakaa naye saluni moja. Mdomo wangu, huu unaosema hata usichoulizwa, nikaufungua, sijui nilitaka kutoa neno gani.

"Mwambie," baba akasema kwa sauti, si kwa kunong'ona, "mwambie nimegusa farasi." Akamshika, akamsogeza.

Nikageuza kichwa, nikaitaja hatua. Sikuongeza neno.

Mke wangu akaisogeza kete, akautazama ubao, na hakucheza. Nilidhani angeruka juu ya yule malkia kama kuku juu ya punje. Wapi. Dakika zikawa zake sasa, zinateremka, naye amekaa ameuma kanga yake. Ndipo nikaelewa. Amemsikiliza mzee huyu miaka yote. Anajua hamwachi malkia hivi, na huko kumgusa farasi alikokusikia anadhani ni ujanja. Anatafuta mtego. Anapekua kila kona ya ubao anautafuta mtego usiokuwepo, na muda unamwishia, na mimi najua kwamba hakuna kitu, ni vidole viwili vya mzee vimepotea njia. Nikakunja mikono kwapani. Nikauma ulimi, kweli kweli, nikasikia ladha ya damu. Nje kijana mmoja akaanza kusema kitu dirishani, mwenyekiti akamziba mdomo kwa kiganja.

Saa ilikuwa imebakiza kidogo kabisa. Akasema polepole, "Ngome. Inakula malkia." Akaipiga saa.

Baba alicheza hatua chache tena, kwa heshima, ili isionekane amekimbia. Kisha akamlaza mfalme wake ubavu, akaniambia nipeleke habari. Madirisha yakalipuka kelele. Dada wa shirika akasimama kupiga picha ya washindi, akaomba pazia lifunguliwe. Kabla sijafika kwenye kamba, mke wangu alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma; mchezo umekwisha, ukwe haujaisha. Yule dada akaniuliza kwa wasiwasi kama amejitoa. Nikamwambia hapana, ameshinda, ushindi ameupeleka uani. Akamfuata huko akampiga picha yake peke yake, kisha akakaa naye kwenye ngazi muda mrefu, wanazungumza habari za Bukoba, na kishikwambi kimezimwa.

Mimi nilibaki nakunja pazia. Baba alikuwa bado mezani. Amemrudisha farasi mahali pake pa zamani, anamtazama, anamsogeza, anamrudisha.

"Angefanya nini nisingemgusa?" akaniuliza.

Nikasema, mzee, mimi ni kinyozi.

Akavaa kofia juu ya kile kipara, akachukua baiskeli yake. Pale mlangoni akasimama, akanipa mgongo.

"Lile pazia ulirudishe lilipokuwa," akasema. "Na umwambie akitoka Bukoba, siku ya gulio nakuja kunyoa."