Sauti ya Mama na Diski ya Nje

Mama yangu alipopatwa na kiharusi, mkono wa kulia ulilala, na ulimi ukalala nao. Mwanamke aliyekuwa akisikika kutoka uani hadi barabarani akawa hana neno. Bahati yangu, miaka ya nyuma nilikuwa na mazoea ya kumrekodi kwa simu akikuna nazi na kuwasengenya majirani, kisha nikizimimina sauti hizo katika kompyuta ya mezani niliyoinunua kwa ajili ya kuchapa mitihani ya shule. Kwa hiyo kila tukishaswali alasiri nilimfungulia. Alijisikiliza akisema, na midomo yake ikafuata. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake.

Kisha kompyuta ikaanza kunung'unika. Ilisema imejaa, na ndani yake mlikuwa na mkwaruzo kama wa panya ndani ya gunia. Hapa kwetu Msambweni chumvi ya hewani inakula hata bawaba za milango, sembuse mashine. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao hawakuweka akiba ndani ya kompyuta karibu na bahari. Niliogopa. Sauti ya mama ilikuwa mle tu, kwani ile simu ilikwishakufa zamani.

Nilikwenda Ukunda, kwenye duka la vifaa vya kompyuta. Mwenye duka ni mtu wa bara, mwenye haraka na moyo mzuri.

"Sema, mum," akaniambia. Shikamoo yangu niliyoitarajia nikaimeza.

Nilipomweleza shida yangu alisema ninahitaji diski ya nje. Nilicheka peke yangu, maana kwetu cha nje ni mtoto ambaye baba yake hajamkiri. Yeye hakuona cha kuchekesha. Akanipangia vitu juu ya meza.

"Hii inazunguka ndani, ni slo lakini inabeba mingi. Hii haizunguki, iko fasta, hata ikianguka haina noma. Flashi usiwekee vitu za maana. Lakini mashine yako ni ya kitambo, mum. Hata ukichukua ya fasta, itatembea tu pole pole."

"Ipi haitakufa?" nikamwuliza.

"Zote hukufa, mum."

Ningekuwa sokoni ningejua la kufanya. Nikaichukua ile inayozunguka, kwa kuwa ilikuwa na uzito wa kitu cha kuaminika, nikaisogeza sikioni na kuitikisa kama nazi, nisikie kama ina maji. Yule bwana alipiga ukelele, watu wa nje wakageuka. Kwa aibu nikainunua ileile.

Nyumbani haikukubali. Taa yake iliwaka, ikazimika, ikawaka. Matundu ya kompyuta ya kuchomekea yalikuwa yameshika kutu. Kesho yake nikalifunga sanduku la kompyuta ndani ya leso kama mtoto mgonjwa, nikarudi nalo Ukunda.

Akalifungua, akatikisa kichwa. "Nitakutolea dokumenti zako zote niweke kwa diski. Alafu nikusafishie mashine?"

"Nisafishie, baba, kwa hisani yako. Imejaa vumbi na chumvi." Nikampa na kitambaa. Akacheka, akadhani ninamtania.

Niliporudi baada ya adhuhuri, kompyuta ilikuwa nyepesi, inafunguka upesi. Nikaichungulia diski. Mitihani yote ilikuwamo, hata ile ya darasa la nne niliyoikosea hesabu.

"Na sauti?"

"Sauti gani, mum?"

Mimi nilikuwa nimezirundika nje ya mahali pa dokumenti, popote zilipoangukia. Yeye alitoa dokumenti, kama alivyosema, kisha akasafisha, kama nilivyosema. Kwake yeye kusafisha ni kufuta kila kilichomo na kuanza upya. Kwangu mimi ni kitambaa.

"Si nilikuuliza?" akasema, uso umemshuka. Tulitazamana, kila mmoja na Kiswahili chake.

Alijaribu kuzirudisha hadi akafunga duka kwa wateja wengine. Yalitokea majina ya mafaili. Kila alilolifungua lilikuwa bubu. Nilitaka kumtukana, nikakosa hata tusi. Nilimwonea huruma, nikajionea huruma zaidi, na hasira nilizonazo mpaka leo sijapata pa kuziweka.

Nyumbani, jirani aliyekuwa amenikalia mgonjwa aliposikia yaliyonipata alisema maji yakimwagika hayazoleki, akajifunga mtandio wake akaenda zake. Nilitamani asiseme kitu.

Mama alikuwa ameegemezwa mito, anatazama mlango. Saa zake zilikuwa zimefika. Aliniona nikiiweka kompyuta mezani, akatulia, akajikusanya kama mtu anayengoja mgeni.

"Mama," nikamwambia, "sauti zimepotea."

Sijui alisikia nini. Daktari alikwishaniambia kwamba mengine humfikia na mengine hayamfikii. Aliutoa mkono wa kushoto chini ya shuka akaionyesha kompyuta. Nikaiwasha, kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya. Ilifunguka mara moja, kioo kitupu, cheupe.

Mama akageuza sikio. Akangoja. Kisha akaninyanyulia mkono, kiganja juu, juu tena, kama alivyokuwa akifanya siku nyingine ninapoiweka sauti chini mno.

Nikaongeza sauti.