Njia ya Misafara Juu ya Shuka la Shangazi

Walisema sitaweza. Shemeji yangu, fundi seremala, alisema mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam na stashahada ya kuchora kwa kompyuta akipewa brashi atatafuta mahali pa kuichomeka kwenye umeme. Shangazi, aliyenipa chumba cha uani, alisema rangi za mafuta ni za watu wenye subira, na mimi tangu utotoni nilikuwa nakula ugali kabla haujaiva. Stashahada ile niliipata kwa jasho langu, nikibeba mizigo Kariakoo asubuhi na kuingia darasani jioni. Hakuna kati yao aliyewahi kunitumia hata nauli.

Dukani kwa mzee mmoja wa Kiarabu, muuza vitambaa, ilining'inia picha ya marehemu mchoraji ambaye Tabora nzima humwita bingwa: njia ya zamani ya misafara ikiingia mjini kutoka upande wa Igalula, miombo imepukutika, vumbi jekundu limetanda. Nilikwenda kuiazima niinakili, maana sikuwa na mwalimu mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ichukue mpaka Idd. Ukiirudisha bila nakala inayofanana nayo, usikanyage tena barazani kwangu. Na hiyo stashahada ukafungie maandazi."

Wateja walicheka. Nikaichukua.

Shangazi aliniazima shuka zito la kuchorea, shemeji akaniazima fremu ya mninga ya kulikazia, kila mmoja kwa kejeli yake. Nilitandaza nyuzi mbele ya picha ya bingwa, nikaigawa miraba, nikahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Kisha nikafanya kosa la mtu wa huku kwetu: mafuta ya kitani, yale yanayofanya rangi ikauke, yalipokwisha, nikachanganya rangi na mafuta ya kupikia ya alizeti yaliyokamuliwa Nzega. Wiki tatu picha niliyoilaza uani haikukauka. Upepo wa kiangazi ulileta vumbi likaganda kwenye anga langu, na kuku akapita juu yake.

"Umechora au umekaanga, baba?" shangazi aliuliza.

Shemeji alikuja kutazama mara mbili. Mara ya pili alileta chumvi.

Nilikwangua yote. Nikaagiza mafuta ya kitani kutoka Dar kwa basi, nikaanza upya: tabaka jembamba, nasubiri, kisha zito juu yake. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho wao, waliopita mbele ya picha ile maisha yao yote, hawajawahi kukiona. Vivuli vya bingwa havina hata tone la rangi nyeusi. Ni zambarau na kijani, na vumbi lake la mbali lina bluu ndani yake. Hakuna aliyenionyesha.

Siku mbili kabla ya Idd nilirudisha vya watu. Shangazi nilimpa shuka jipya, zito kuliko lake. Shemeji nilimpelekea mbao za mninga zilizokwisha kurandwa, zinazotosha fremu mbili. Kisha nikaingia dukani na picha mbili, nikazisimamisha kwenye kaunta. Mzee alivaa miwani, akainama kunusa.

"Hii ndiyo yako. Inanuka mafuta."

"Na kwa macho je, mzee?"

Aliuliza bei. Nikamwambia haiuzwi, nikaikumbatia, uso wa picha ukitazama nje, nikatoka polepole ili waliokaa barazani wapate muda wa kuiangalia.