Jina Tulilompa Nzi

Nzi yule aliokotwa na mzee wa Kilema, mkulima wa kahawa aliyetubebea mitego mlimani. Ujanani alianguka kutoka kwenye mparachichi, mguu ukavunjika na kuunga vibaya, akawa anachechemea. Tulimtangulia, tukamsubiri tumekaa juu ya mawe, msimamizi wangu wa utafiti akitazama saa.

Siku hiyo mabakuli yetu ya kunasia wadudu yalikuwa yameganda barafu. Mzee alipiga magoti chini ya mmoja wa ile miti minene ya juu yenye majani kama kabichi, akafunua majani makavu, akanyoosha kiganja. Juu yake alitembea nzi mweusi mwenye mabawa mafupi mno. Hakuweza kuruka.

Mjini Moshi, katika chumba tulichopanga Majengo, nilimchunguza kwa hadubini wiki nyingi, nikilinganisha vinyweleo vya miguu yake na vya nzi wote waliokwisha kuelezwa kisayansi. Alikuwa mpya.

"Mwanangu," mzee aliniuliza, "mtampa jina la nani?"

"Litakuhusu wewe, baba."

Msimamizi alitaka neno linaloeleza yale mabawa. Nikapendekeza neno la Kilatini lenye maana ya kiwete. "La mzee wetu," nikasema. Alicheka hadi akavua miwani. Nilikuwa mwanafunzi, na kwa miaka miwili hakuwahi kucheka kwa neno langu.

Makala ilipochapishwa nilimpa mzee ukurasa wa kwanza. Aliutia kwenye mfuko wa nailoni, akaenda nao misani Jumapili. Nje ya kanisa alimwomba padri mstaafu awasomee watu. Padri alisoma kimya, akaukunja, akasema macho yake hayaoni vizuri. Mseminari aliyesimama karibu akauchukua, akatafsiri kwa sauti. Watu walicheka.

Jumatatu mzee alikuja Majengo.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Nani alilichagua?"

"Msimamizi," nikasema.

"Mlibadilishe."

"Haiwezekani. Jina likishachapishwa halibadilishwi."

Akaomba amwone nzi. Niliweka chini ya hadubini ile pini tuliyomchomea nzi, akainama, akakaa hapo muda mrefu.

"Alikuwa mzima mkononi mwangu," alisema. Kisha akaondoka, na hakupanda tena na sisi. Tulimpata mpagazi mwingine mwenye miguu mizuri.

Nilipata shahada yangu kwa nzi yule. Mwaka jana nilikwenda Kilema kumwomba radhi. Dukani nilimtaja mzee kwa jina lake la ubatizo. Mama muuzaji akatikisa kichwa. Nikasema ni yule anayechechemea.

"Unamtafuta Nzi?"

"Ndiyo, huyo."

Akanionyesha njia. Nilimkuta anachuma kahawa. Niliposema shikamoo aliitikia, akaniletea kigoda na bakuli la mtori wa ndizi, akarudi kwenye mibuni yake. Nilikula mtori wote. Yale niliyokuja kuyasema sikuyasema, naye hakuniuliza nimefuata nini.