Nilibebwa kwa Mimba Isiyokuwepo

Ndugu zangu, kosa ni langu. Msinitafutie wa kumsingizia, wala msiseme ni vita. Vita vilifunga barabara, lakini kukosea nilikosea mwenyewe!

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Butembo, nimeolewa Buleusa, katika msitu wa Walikale. Miaka saba ya ndoa bila mtoto! Mama mkwe hakunitukana hata siku moja, ila kila jirani alipojifungua alinitazama tumboni, kisha akaguna. Heri angenitukana.

Mume wangu akanipeleka Goma kwa pikipiki, siku mbili za matope kupitia Masisi. Docta wa wanawake akanipima, akasema mayai yangu hayaivi. Akanipa vichupa vya unga wa homoni, akanifundisha kuuchanganya na maji yake na kujichoma mwenyewe chini ya kitovu. Masharti yalikuwa wazi: sindano moja kwa siku, siku ya kumi nirudi anipime kwa ekografi, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo. Sindano ya mwisho, ile ya kufungua mayai, nisiiguse kabla hajaniona.

"Na ukisha kupata ile ya mwisho," akasema, "usipime mukojo mbele ya wiki mbili kuisha. Kipimo itakudanganya, itasema iko mimba, kumbe ni dawa."

Nilisikia vizuri. Nawaapia, nilisikia!

Tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani barabara ya Masisi ilipofungwa kwa risasi. Pikipiki zikageuzwa. Ningengoja, ningeacha, lakini wapi! Kwetu sindano ndiyo dawa. Mgonjwa akipewa vidonge vitupu anaona amedharauliwa. Nikajiambia, kama moja inasaidia, mbili zitamaliza kazi. Nikajichoma mbili kila siku, mume wangu akiwa shambani. Vichupa vilipokwisha, nikajichoma na ile ya mwisho.

Siku ya nne baada ya hapo, kitenge kilikataa kufunga. Tumbo lilivimba likawa gumu, natapika, mkojo haujai hata kijiko, nikilala chali napungukiwa na pumzi. Mama mkwe aliponiona akapiga vigelegele hadi barabarani.

"Iko mimba! Muke ya mutoto yangu iko na mimba!"

Akanipeleka mwenyewe kituo cha afya. Nesi akapima mkojo: mistari miwili. Ee Mungu wangu, ile mistari! Nilijua ni dawa inayosema, si mtoto. Nikanyamaza, na kwa nafsi mbaya niliyo nayo nikafurahi kuona mama mkwe akinifuta jasho kwa kitambaa chake.

Nesi hakuridhika. Akaniinamia. "Mama, hii tumbo inakua mbiyo sana. Ile dawa ya Goma, ulifanya vile docta alisema?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Njo vile," nikamwitikia kwa uongo.

Siku hiyo pikipiki zilikuwa bado zinakwenda Pinga, hospitalini. Neno moja tu la kweli, ningefika jioni ileile.

Nyumbani mama mkwe akanifunga kamba nyembamba ya ganda la mti kiunoni, desturi ya nyumba yake ya kumshika mtoto asianguke. Haifunguliwi. Kila asubuhi ilikuwa imenikata zaidi, na kila asubuhi aliigusa akacheka: "Ni mapasa, batoto babili!" Mimi nilikuwa nahesabu pumzi.

Siku tatu baadaye risasi zikalia mlima wa jirani. Ikabidi tukimbilie Pinga kwa miguu. Wanaume wengi, mume wangu mmojawapo, walikuwa wamejificha wasije kukamatwa kubeba mizigo ya wapiganaji. Kwetu walibaki wanne tu, na kipoyi kimoja, kile kiti cha kubebea mgonjwa mabegani. Na matumbo yalikuwa mawili. La pili lilikuwa la mke wa shemeji yangu, mimba ya miezi minane. Nimwite Mapendo.

Shemeji akamwangalia mkewe, akaniangalia mimi. Mama mkwe akakata shauri: "Mapendo amezaa batatu, amezoea. Huyu njo ya kwanza."

Mapendo mwenyewe akasema, "Mubebe yeye. Miye nitatembea. Yeye hajaona mutoto."

Ni kweli nilikuwa mgonjwa. Lakini kama ningefungua kinywa, tungebadilishana kiti hata nusu ya njia. Sikufungua! Nilikaa nikabebwa, nikamwona Mapendo mbele yangu akipanda vilima kwenye utelezi, mkono mmoja mgongoni, mwingine umeshika fimbo. Alianguka mara mbili. Mara ya pili hakuinuka haraka.

Alijifungulia chini ya majani ya migomba, mvua inanyesha. Mtoto wa kiume. Alilia kidogo, kisha hakulia tena. Tulimzika palepale, tukaendelea, mimi juu, mama yake chini.

Pinga walinipasua. Maji yalijaa tumboni, kifuko kimoja cha mayai kilikuwa kimejisokota na kuoza, wakakitoa. Docta wa pale aliniuliza tukiwa wawili tu, nikamwambia ukweli wote. Yeye pekee! Familia iliambiwa kwa mdomo wangu kwamba mimba imetoka.

Sasa sikieni kinachoninyima chakula. Tangu porini, Mapendo hajashika mimba tena. Juzi alikuja kunisukia nywele, akasema, "Siye wawili tulipoteza batoto mu njia moja, dada. Lakini ile dawa yako ilifanya kazi mbiyo. Unielekeze kwa ule docta."

Ameshapata wa kusafiri naye. Wanaondoka juma lijalo, kwa barabara ileile ya Masisi ambayo haijatulia. Mume wake amekubali, mama mkwe amembariki. Kila anayempinga anajibiwa: si mnaona ilimsaidia mwenzake? Nami nasuka midomo yangu kama nilivyosukwa nywele!

Dada zangu mnaotafuta mtoto, homoni si kwinini ya kujiongezea. Barabara ikifungwa, acha sindano. Nesi akikuuliza, mwambie, hata mama mkwe akisikia, hata ukifukuzwa. Mimi niliogopa kufukuzwa, na kaburi likachimbwa njiani. Semeni mapema, wenzangu. Mimi nimebakiwa na siku nne, na bado sijui nitaanzia wapi.