Dada yangu aliniambia nimpeleke hospitali hata akikataa. Siku ilipofika, akakataa

Niaje wakuu,

Hii sijasimuliwa na mtu. Imetokea kwa familia yetu, majina tu ndio nimebadilisha. Kama umekuja kutafuta jibu utanisamehe, mimi mwenyewe bado nalitafuta.

Dada yangu mkubwa nitamwita Nyambura. Anafanya kazi kwa shamba la maua Naivasha, ako na single room mtaa wa Karagita. Mimi niko Rongai, nauza mahindi na maharagwe. Mama alipoaga, ni yeye alinilea.

Nyambura ako na bipolar. Kwa wale hawajui, kuna wakati anapanda juu sana: halali, anaongea bila kupumua, anagawa vitu zake. Halafu anashuka, ni kulia tu. Akimeza dawa vizuri huwezi jua ni mgonjwa.

Krismasi moja, akiwa mzima kabisa, tulikuwa tunanyonyoa kuku akaniambia, "Muchiri, siku nitaanza kugawa vitu, usinisikize. Nipeleke hospitali hata nikikataa. Hata nikikutukana."

Nikasema sawa. Nani hangesema sawa?

Mwaka jana jirani yake, Mama Brayo, akanipigia. "Kuja uone dada yako. Ametugawia vyombo, sasa ametoa godoro."

Nilipofika nilimpata njia ya kwenda ziwani, miguu tupu, mchana wa jua kali. Alisema anaenda kuingia kwa maji atoke mtu mpya. Wenye wanaishi Naivasha mnajua viboko wa hapo hawana mchezo.

Nikambembeleza. Nikamwambia turudi tukunywe chai kwanza. Akacheka, akazidi kutembea.

Alipokaribia matete, mimi na wanaume wawili wa ploti yake tukamshika. Tukambeba hadi kwa gari, Probox. Aliniuma mkono. Watu walikuwa wamejaa, wengine na simu juu wakirekodi.

Tukafika hospitali moja Nakuru. Nesi akamuuliza kama anakubali kulazwa. Akakataa. Mimi nikaeleza yale aliniambia Krismasi.

Wakuu, hapo ndio kichwa yangu iliruka.

Nyambura alitulia ghafla. Sauti ikawa ile yake ya kawaida kabisa. Akaniambia, "Huyo aliyekuambia hivyo ako wapi? Mimi ndiye niko hapa. Na mimi nimesema hapana."

Nikamwangalia nesi. Nesi akaenda kuita daktari.

Daktari alikuja akaongea na yeye kwa muda, kisha akaniambia maisha yake iko kwa hatari, na sheria inaruhusu alazwe bila kukubali kama familia imeomba. Nikasaini. Wakamshika, wakamdunga sindano. Nilitoka nikimsikia akiita jina langu.

Nikampigia kasini yetu Wangeci, ni nesi Ujerumani. Akasema huko jaji anaweza kuja mpaka wodini amsikize mgonjwa mwenyewe kabla ya kuamua. Na hapo jirani, Uholanzi, mtu anaweza kuandika akiwa mzima vile anataka afanyiwe akiugua, na sheria inaitambua.

Nikaona hao wametatua hii shida. Nikamuuliza, "Kwa hivyo wagonjwa wa huko hawalii?"

"Wanalia, Muchiri. Nimeshawashika na hii mikono yangu. Karatasi zote ziko sawa, na bado nikifika kwa nyumba siwezi kula."

Sasa mimi nikabaki na nini?

Nyambura alitoka baada ya wiki kadhaa, nikamleta kwangu Rongai. Hakuongea sana. Siku moja tukipukusa mahindi akasema, "Asante. Ningekufa kwa hayo maji."

Nikashusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Sketi yangu ilipanda mpaka kiunoni, watu wote wakiona. Hakuna mtu alinifunika. Usiwahi nishika hivyo tena."

"Na ikianza tena, nifanye nini?"

"Usiniache niende."

"Bila kukushika?"

Aliacha mahindi. "Sijui. Mimi siku hiyo nilikuwa mgonjwa. Wewe ndiye ulikuwa mzima."



Kitu moja tu nimejifunza: ile Krismasi nilikubali kumpeleka, sikuuliza nitampeleka vipi. Sasa tumekubaliana Mama Brayo aitwe kwanza, yeye anamwamini. Anayerekodi afukuzwe. Na asidanganywe kuhusu chai, aambiwe ukweli mahali tunampeleka.

Lakini lile swali lake la hospitali, kati ya Nyambura wawili ni yupi nilipaswa kusikiza, halijaisha. Kuna siku naamka nikijua, kufika saa nne sijui tena.

Wenye mmewahi kushika mtu wenu, nisaidieni hapa chini.

Na wenye mmewahi kushikwa, ninyi tafadhali muanze.