Rang ya Mtandio Mwekundu

Mwanangu, nakumbuka siku moja mpaka harufu yake: siki ya moto ya kushikisha rangi, na pasi iliyokaa mno juu ya kitambaa. Nilikuwa msichana, sijatimiza mwaka Houston, nimetoka Mombasa na kiburi changu kizima. Nilipata kazi mtaa wa Alief, humo humo Houston, kwa bibi mmoja wa Kipunjabi, mtia rangi mitandio. Sote tulimwita Biji, yaani bibi kwa lugha yao. Alizaliwa Nakuru, na Kiswahili chake kilikishinda cha hawa wajukuu zangu wa Grand Prairie wanaonijibu kwa Kiingereza.

Wapunjabi wana desturi yao: mtandio wa bibi harusi hutiwa rangi mpaka ufanane kabisa na gauni. Siku hiyo alikuja baba mmoja aliyefiwa na mkewe, pamoja na binti yake aliyekuwa anaolewa kesho yake. Binti angevaa gauni la harusi la marehemu mama yake, jekundu kama punje za komamanga. Mtandio wa gauni hilo ulikuwa umepotea walipohama. Wakatuachia gauni na mtandio mweupe, wakasema watarudi alasiri.

Biji alikuwa na miadi kwa daktari. Aliniachia sufuria na amri moja: "Kila ukichovya, kausha pembe kwa pasi, kisha nenda mlangoni uitazame juani. Kitambaa kilicholoa kinasema uwongo."

Nilichovya, nikautazama ukiwa umeloa, chini ya taa za dukani. Nikaona umefanana, nikafurahi. Wenzangu walikuwa wananingoja mtaa wa Gulfton na basi lilikuwa karibu kupita. Ukweli ndio huo, sitajisafisha. Ulipokauka ukawa waridi hafifu. Na mimi, badala ya kurudi sufuriani, niliukunja vizuri nikautia kwenye mfuko wa wateja pamoja na gauni. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Biji alirudi kabla sijatoka, akaufungua mfuko.

"Biji, rangi ni rangi tu," nikajitetea. "Nani ata-notice?"

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Puttar," akasema, yaani mwanangu kwa lugha yao, "sisi tunasema rang. Rang ni hii iliyomo sufuriani. Lakini nyumba yenye furaha nayo tunasema ina rang. Mtu akiogopa, rang yake imeruka, kama yako sasa hivi. Na mapenzi yakimwingia mtu asiweze kuyavua, tunasema ametiwa rang. Huyu binti hana mama wa kumfunika kichwa kesho. Atafunikwa na hiki. Wewe umempa nini hapa?"

Nililia, mwanangu. Kisha nikakunja mikono ya blauzi, nikawasha jiko.

Biji alikataa kunishikia hata mwiko. Nilichovya, nikakausha pembe, nikatoka mlangoni na gauni, nikalinganisha. "Bado," akasema. Nikarudi. "Bado." Mabasi yalipita, sikuyahesabu. Jua la Houston lilinichoma utosi na glavu nilizisahau. Mara ya tisa nilimtazama, naye hakusema bado. Alitabasamu tu, akaenda kubandika chai.

Alasiri wakaja. Binti alivaa gauni juu ya nguo zake pale pale, nami nikamfunika mtandio kichwani kwa mikono yangu myekundu hadi viwikoni. Hungejua gauni linaishia wapi na mtandio unaanzia wapi! Baba yake alitazama, akaita jina la marehemu mkewe. Binti akamwendea, wakakumbatiana, wakalia, kisha wakacheka, na Biji akapiga vigelegele mpaka watu wa duka la jirani wakatoka. Niliona fahari ambayo sikuiona tena hata siku nilipopata cheti cha uuguzi. Niliweza, mwanangu! Mikono yangu hii hii!

Basi shika neno langu. Kazi usiisifu kabla haijakauka. Ukikosea, usilifiche kosa. Lirudishe motoni mapema, mbele ya aliyekufundisha, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na iwe unabeba masanduku ghalani au unamgeuza mgonjwa kitandani, jiulize kwanza kazi hiyo inamfikia nani na kesho yake ina nini.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kurudia mara ya tisa, ajaze watu mlangoni pako, na furaha ya nyumba yako isichuje hata dunia iifue namna gani. Amina.