Mfasiri wa Filamu wa Katuba

Katika chumba chetu cha video hapa Katuba, yeye ndiye anayetafsiri filamu. Husimama kando ya televisheni, mkono kiunoni, akimpa kila mhusika sauti yake, na hutuchekesha hata penye msiba. Jumapili ile, katika filamu, mwanamke alikuwa amebaki peke yake angani, chombo kimeharibika, hewa inamwishia. Alipoanza kulia, mfasiri wetu akaacha kutafsiri, akapiga magoti na kushika kioo kwa viganja viwili.

“Usilie, mama! Kulia inamaliza hewa. Pumua polepole. Mu shimo kule Kambove, benye balilia njo balikufa ba kwanza.”

Hakuna aliyecheka. Hatukujua kabisa kwamba aliwahi kufukiwa mgodini na wenzake, na kwamba waliolia ndio waliotangulia kufa. Mwanamke akaokolewa, filamu ikaisha, naye mfasiri wetu bado anagonga kioo, akiwaita wenzake wa shimoni: “Hénoc! Dieumerci! Muitike!”